Mfumo wa tanga kuu

Mfumo wa tanga kuu ni jumla ya kamba, kapi, reli na vifaa vingine vinavyotumika kutweka, kupunguza, kushusha na kuhifadhi tanga kuu la mashua. Tanga kuu ndilo linaloshikwa na mlingoti mkuu. Katika mashua nyingi za safari ndilo pia tanga gumu zaidi kulimudu, kwa sababu ni kubwa, liko juu ya vichwa vya watu na mara nyingi haliwezi kushuka vizuri mpaka mashua igeuzwe kuelekea upepo.

Mashua ya safari huwa na watu wachache. Mara nyingi ni wawili tu, na usiku mmoja hulala wakati mwenzake yuko zamu. Kwa hiyo uchaguzi wa mfumo si suala la starehe peke yake. Mtu mmoja aliyechoka anapaswa kuweza kupunguza tanga gizani, upepo ukiwa umeshazidi. Mifumo inayojulikana zaidi ni kupunguza kwa matabaka, kukunja ndani ya mlingoti, kukunja ndani ya mti wa chini, na tanga la Kichina lenye fito. Pwani ya Waswahili ina mfumo wake wa jadi, yaani tanga la foromali.

## Sehemu na majina yake

Majina mengi ya Kiswahili ya sehemu za tanga yanatokana na vyombo vya pwani kama jahazi, mashua na ngalawa. Mengi yanafaa pia kwa mashua za kisasa.

- Mlingoti ni mti uliosimama unaobeba tanga.
- Foromali ni mti mrefu unaofungwa kwenye ukingo wa juu wa tanga na kutwekwa pamoja nalo. Mashua nyingi za kisasa hazina foromali.
- Mti wa chini ni mti au bomba la alumini lililoungwa na mlingoti kwa bawaba. Ukingo wa chini wa tanga kuu la kisasa hunyoshwa juu yake. Vyombo vya foromali kwa kawaida havina mti huu.
- Henza ni kamba ya kutwekea tanga au foromali.
- Demani ni kamba inayovuta au kulegeza tanga kutoka upande wa nyuma.
- Goshi ni pembe ya chini ya mbele ya tanga.
- Fito ni vipande vyembamba vya mbao au faiba vinavyoingizwa ndani ya tanga ili lisipoteze umbo.
- Joshi ni upande upepo unakotoka.
- Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, na tezi ni sehemu ya nyuma.

## Kwa nini tanga hupunguzwa

Nguvu ya upepo juu ya tanga huongezeka kwa mraba wa mwendo wa upepo. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu huwa mara tisa.

Kwa hesabu ya makisio, upepo wa mita 5 kwa sekunde unaopiga moja kwa moja tanga la mita za mraba 30 huleta msukumo wa nyutoni 450 hivi, sawa na uzito wa kilogramu 46. Upepo wa mita 10 kwa sekunde huleta nyutoni 1,800, sawa na kilogramu 183. Upepo wa mita 15 kwa sekunde huleta nyutoni 4,050, sawa na kilogramu zaidi ya 400. Tanga na mashua ni zilezile, lakini mzigo wa mwanzo ulikuwa uzito wa mtu mwembamba na wa mwisho ni uzito wa ng'ombe.

Nguvu ikizidi, mashua huinama sana. Tanga kuu lililo nyuma ya mlingoti huanza kugeuza omo kuelekea upepo, na usukani huwa mzito mpaka mwisho haushiki tena. Tanga likipunguzwa, eneo lake huwa dogo, na kitovu cha msukumo hushuka chini karibu na maji. Mashua husimama wima zaidi na mara nyingi haipotezi mwendo, kwa sababu chombo kilichoinama sana huburuta maji.

Njia nyingine ya kukabili upepo ni kuhamisha uzito badala ya kupunguza tanga. Katika mashindano ya mashua za Lamu, mabaharia hukaa juu ya ubao unaotokeza nje upande wa joshi ili kuzuia chombo kisipinduke. Njia hiyo inahitaji watu wengi na wepesi. Mashua ya safari yenye watu wawili haiwezi kuitegemea.

## Tanga la foromali katika pwani ya Waswahili

Vyombo vingi vya jadi vya Afrika Mashariki hutumia tanga lenye umbo la pembetatu, au la pande nne ambapo upande wa mbele ni mfupi sana. Tanga hufungwa kwenye foromali, na foromali hutwekwa kwa henza inayopita kwenye kapi juu ya mlingoti. Goshi hufungwa upande wa omo, na demani hushikwa upande wa tezi. Zamani palikuwa pia na mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vya jirani ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba. Mtepe ulikuwa na tanga la mraba lililofumwa kwa ukili kama mkeka.

Tanga la foromali lina sifa tatu zinazohusu uchaguzi wa mfumo.

Kwanza, halina mti wa chini. Hakuna mti unaopita kwa kasi juu ya sitaha na kupiga watu vichwani upepo unapobadili upande.

Pili, foromali ni nzito, na henza ikifunguliwa huteremka kwa uzito wake yenyewe. Baharia hahitaji kuvuta kitambaa. Hatari yake ni kwamba foromali inaweza kumwangukia mtu. Kwa hiyo henza hulegezwa kwa kuzungushwa kwenye kigingi na haiachiliwi ovyo.

Tatu, tanga hili ni gumu kupunguza likiwa juu. Katika vyombo vikubwa desturi ilikuwa kubeba matanga ya ukubwa tofauti. Upepo ukizidi, foromali ilishushwa, tanga kubwa likafunguliwa na dogo likafungwa mahali pake. Kazi hiyo ilihitaji mikono mingi. Kugeuza chombo nako kulihitaji watu, kwa sababu foromali husimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti ili ihamie upande wa pili.

Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Safari ilipitia Aden na kufika Zanzibar na delta ya mto Rufiji. Kitabu chake *Sons of Sinbad* cha mwaka 1940 kinaonyesha jinsi kazi ya foromali kubwa ilivyofanywa na kundi la mabaharia waliovuta henza pamoja wakiimba. Mfumo huo ulikuwa salama kwa sababu watu walikuwepo. Chombo kilekile kikiwa na watu wawili kisingeweza kuendeshwa.

Katika ngalawa mambo ni tofauti. Tanga lake ni dogo na foromali yake ni nyepesi, hivyo watu wawili au watatu hutosha. Upepo ukizidi, hulegeza demani ili tanga limwage upepo, au hushusha foromali na kulikusanya tanga kwa mikono.

## Mifumo ya mashua za safari

### Kupunguza kwa matabaka

Huu ndio mfumo rahisi zaidi kwa tanga lenye mti wa chini. Tanga lina safu mbili au tatu za matundu yaliyoimarishwa kwa pete za chuma, moja juu ya nyingine. Kila safu ni tabaka moja la kupunguza. Hatua zake ni hizi:

1. Demani hulegezwa ili tanga lisibebe upepo.
2. Henza huteremshwa mpaka pete ya mbele ya tabaka ifike kwenye ndoana iliyo karibu na bawaba ya mti wa chini.
3. Pete hutiwa kwenye ndoana, kisha henza hukazwa tena.
4. Kamba ya nyuma ya tabaka huvutwa kwa winchi mpaka pete ya nyuma ishike mti wa chini.
5. Demani huvutwa na mashua huendelea.

Watu wawili waliozoea hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi mmoja wao hulazimika kwenda mpaka kwenye mlingoti, juu ya sitaha inayoruka na kulowa. Kwa sababu hiyo baadhi ya mashua hupeleka kamba zote nyuma kwenye kiti cha nahodha. Nyingine hutumia kamba moja inayovuta pete ya mbele na ya nyuma kwa wakati mmoja. Kila kona na kila kapi inayoongezwa huongeza msuguano. Mfumo wa kamba moja unaofanya kazi vizuri kwenye tanga dogo unaweza kuwa mzito mno kwenye tanga kubwa.

Faida kuu ya matabaka ni kwamba kila kitu kinaonekana. Kamba ikikatika, hubadilishwa. Ndoana ikivunjika, pete hufungwa kwa kipande cha kamba.

### Kamba za kupokea na mfuko wa tanga

Kamba za kupokea ni kamba nyembamba zinazoshuka pande zote mbili za tanga kutoka mlingotini hadi kwenye mti wa chini. Tanga likiteremka hutua katikati yake badala ya kumwagika kwenye sitaha. Mara nyingi huunganishwa na mfuko wa kitambaa unaokaa juu ya mti wa chini na kufungwa kwa zipu. Mfuko huo hulinda tanga dhidi ya jua wakati mashua imetia nanga.

Vifaa hivi haviwi mfumo kamili peke yake, bali husaidia matabaka. Tatizo lake la kawaida hutokea wakati wa kutweka: ncha za fito hunasa kwenye kamba. Dawa yake ni kuelekeza mashua sawasawa na upepo, au kulegeza kamba za kupokea kabla ya kutweka.

Tanga lenye fito ndefu hutua vizuri zaidi, lakini fito husukuma ukingo wa mbele kwenye mlingoti na kuleta msuguano. Kwa hiyo matanga makubwa hufungwa kwenye vigari vidogo vinavyoteleza juu ya reli ya mlingoti. Vigari na reli hugharimu fedha, lakini huliwezesha tanga kushuka kwa uzito wake, kama foromali inavyoshuka.

### Kukunja ndani ya mlingoti

Katika mfumo huu mlingoti una uwazi kwa nyuma, na ndani yake kuna fimbo ndefu inayozunguka. Tanga huzungushiwa kwenye fimbo hiyo kama mkeka unavyokunjwa. Mtu mmoja huvuta kamba akiwa amekaa kwenye kiti cha nahodha, na tanga hutoka au huingia kadiri anavyotaka. Hakuna haja ya kwenda mbele, wala eneo la tanga halifungwi na idadi ya matabaka.

Urahisi huo una gharama zake. Tanga haliwezi kuwa na fito za kulala, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma hukatwa kwa ndani, na eneo na nguvu yake hupungua. Mlingoti huwa mzito, tena uzito huo uko juu, mahali ambapo hupunguza uthabiti wa mashua. Ubaya mkubwa zaidi ni kukwama. Tanga lililozeeka na kulegea hufanya mikunjo, na mikunjo hunasa kwenye uwazi wa mlingoti. Tanga likikwama nusu nje, haliingii ndani, na pia haliwezi kushushwa, kwa sababu tayari limezungushwa kwenye fimbo. Hapo mtu hulazimika kupanda mlingoti au kulikata.

Wengi wanaoutumia hawapati mkasa huo kwa miaka mingi, kwa sababu hubadilisha tanga kabla halijalegea, hulikunja likiwa na mkazo kidogo, na hawasubiri upepo uzidi.

### Kukunja ndani ya mti wa chini

Hapa fimbo inayozunguka iko ndani ya mti wa chini, na tanga hukunjwa likiteremka. Fito za kulala zinaweza kutumika, na uzito wa vifaa uko chini. Mfumo ukikwama, kwa kawaida henza bado inaweza kufunguliwa na tanga likashuka sitahani.

Ubaya wake ni bei kubwa na haja ya usahihi. Mti wa chini lazima ushikwe katika pembe maalumu na mlingoti wakati wa kukunja. Pembe ikikosewa kidogo, kitambaa husogea mbele au nyuma, hujaza upande mmoja na kuanza kusagika. Henza na kamba ya kukunjia lazima ziende pamoja, moja ikilegezwa huku nyingine ikivutwa.

Zamani kulikuwa na namna rahisi ya mfumo huu, ambapo mti wa chini wenyewe ulizungushwa kwa mkono wa chuma na tanga likajifunga juu yake. Tanga lilibaki na tumbo kubwa na ncha ya mti ilining'inia, hivyo mashua nyingi zilirudi kwenye matabaka.

### Tanga la Kichina

Tanga la vyombo vya jadi vya China lina fito zinazovuka upana wake wote. Henza ikilegezwa, tanga hujikunja lenyewe fito kwa fito, kama pazia. Misafara ya Zheng He iliyofika pwani ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15 ilitumia matanga ya aina hiyo.

Mwaka 1960 Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki peke yake katika mashua ndogo iliyoitwa *Jester*, yenye mlingoti mmoja na tanga la Kichina. Ilikuwa katika mashindano ya kwanza ya kuvuka bahari hiyo mtu akiwa peke yake. Alimaliza wa pili kwa siku 48, nyuma ya Francis Chichester aliyetumia siku 40. Hasler aliweza kupunguza tanga lake akiwa amesimama kwenye tundu la sitaha, bila kutoka nje. Tanga la Kichina huenda polepole zaidi mashua inapobisha, yaani inapopanda dhidi ya upepo, lakini kwa urahisi wa kupunguza linashinda mifumo mingi.

## Mfano wa Ziwa Tanganyika na mwambao wa Ufipa

Mahitaji ya mfumo hutegemea maji ya mahali. Mwambao wa Ufipa, upande wa kusini-mashariki wa Ziwa Tanganyika katika Mkoa wa Rukwa, ni mfano mzuri kwa kuwa ni maji ya safari ndefu yaliyo mbali na maduka ya vifaa vya mashua. Vijiji na bandari zake ni pamoja na Kirando, Kipili, Wampembe na Kala katika Wilaya ya Nkasi, na Kasanga katika Wilaya ya Kalambo.

Matanga yametumika ziwani humo kwa muda mrefu. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alitoka Ujiji na boti mbili alizoziita *Betsy* na *Pickle*, akaelekea kusini kupitia mwambao huo. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa katika boti yake *Lady Alice*. Edward Coode Hore, baharia aliyefika Ujiji mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa London Missionary Society, alisafiri kwa boti za matanga kabla ya meli ya *Good News* kushushwa majini mwaka 1885. Siku hizi vyombo vingi vya ziwani huendeshwa kwa injini.

Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi, upana wa wastani wa kilomita 50 hivi, na kina kinachofikia mita 1,470. Uso wake uko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, wakati mji wa Sumbawanga juu ya nyanda za Ufipa uko zaidi ya mita 1,700. Kwa sababu ya tofauti hiyo ya karibu kilomita nzima, hali ya hewa inayoonekana Sumbawanga, kwa mfano katika kata ya Chanji, haiwezi kutumika kukadiria hali ya ziwani. Usiku hewa iliyopoa juu ya nyanda hushuka kwenye miteremko na kutokea majini kama upepo wa nchi kavu. Mchana upepo hugeuka na kutoka ziwani.

Kuanzia Mei hadi Septemba hutawala upepo wa kusi kutoka kusini-mashariki. Unafuata urefu wa ziwa, kwa hiyo mawimbi hukua kadiri yanavyoenda kaskazini. Mashua inayotoka Kasanga kwenda Kirando husukumwa na upepo kutoka nyuma, na ikirudi hulazimika kubisha.

Safari ya kwenda na upepo ndiyo yenye mtego. Upepo halisi ukiwa mita 10 kwa sekunde na mashua ikienda mita 3 kwa sekunde, aliye ndani huhisi mita 7 tu. Sitaha imetulia na jua linawaka, hivyo hakuna anayefikiria kupunguza tanga. Akiamua kugeuka kuelekea upepo ili alishushe, mwendo wa mashua sasa hujumlishwa badala ya kutolewa, na upepo anaoukuta unakaribia mita 13 kwa sekunde. Nguvu juu ya tanga huwa zaidi ya mara tatu ya ile aliyokuwa akiihisi dakika moja kabla. Tena hugeuka ubavu ukielekea mawimbi. Kwa maji kama hayo, swali muhimu ni kama mfumo unaruhusu tanga kupunguzwa bila kugeuza mashua. Foromali na tanga la Kichina hushuka hata upepo ukitoka nyuma. Kukunja ndani ya mlingoti pia huwezekana kwa uangalifu. Tanga la matabaka hubanwa kwenye nyaya za mlingoti, na linahitaji vigari vyepesi na uvumilivu.

Katika msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, upepo wa kawaida huwa hafifu zaidi, lakini mawingu ya radi huleta dhoruba za ghafla. Dalili zake ni wingu jeusi lenye ukingo wa chini uliokaza, ubaridi wa ghafla na mstari mweupe juu ya maji. Dhoruba huweza kufika kabla hatua tano za tabaka hazijakamilika. Hapo kinachotakiwa ni kushusha tanga lote mara moja.

Hewa ya ziwani ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 7 hivi kwa sababu ya kimo, hivyo upepo wa mwendo uleule una nguvu pungufu kidogo. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuchelewesha uamuzi wa kupunguza tanga.

## Vigezo vya kuchagua

Idadi na nguvu za watu. Mfumo hupimwa kwa mtu dhaifu kuliko wote atakayekaa zamu peke yake. Kama hawezi kukamilisha kupunguza tanga mwenyewe, mashua kwa kweli ina baharia mmoja tu.

Ukubwa wa tanga. Kwa tanga dogo, mikono na matabaka hutosha. Kadiri tanga linavyokua ndivyo reli, vigari na winchi vinavyohitajika, na ndivyo mifumo ya kukunja inavyostahili gharama yake.

Namna ya kuharibika. Kila mfumo huharibika siku moja. Kamba ya tabaka hukatika, tanga hukwama mlingotini, pembe ya mti wa chini hukosewa, foromali huvunjika. Kabla ya kununua inafaa kujua tanga litashushwaje siku hiyo. Mfumo ambao tanga lake hushuka henza ikifunguliwa una hatari ndogo kuliko ule unaolishikilia tanga juu.

Upatikanaji wa vipuri. Katika miji kama Sumbawanga hupatikana kamba za nailoni, boliti, mafundi wa kuchomelea na washonaji wa turubai. Fimbo maalumu ya kukunjia au bearingi yake huenda ikalazimika kuagizwa kutoka nje ya nchi. Kwa mashua iliyo Kipili, mfumo unaotengenezeka kwa kamba na sindano una thamani kubwa kuliko ilivyo kwa mashua iliyo karibu na karakana.

Aina ya safari. Mwenye kusafiri siku moja moja kati ya bandari za karibu huthamini urahisi wa kutweka na kufunga. Mwenye kusafiri usiku na mbali huthamini zaidi kupunguza kwa uhakika.

Gharama. Matabaka ni ya bei nafuu kuliko yote, na kamba za kupokea huongeza kidogo. Reli yenye vigari hufuata. Kukunja ndani ya mlingoti au ndani ya mti wa chini ni ghali zaidi, na mara nyingi huhitaji tanga jipya.

Kwa kuunganisha vigezo hivyo, mashua ya wastani yenye watu wawili katika maji kama ya Ufipa hufaa zaidi kuwa na matabaka matatu, kamba za kupokea, na vigari vinavyoteleza vizuri. Watu wenye umri mkubwa au wenye maumivu ya mgongo wanaweza kupendelea kukunja ndani ya mlingoti, kwa sababu kwao hatari ya kwenda mbele ni kubwa kuliko hatari ya tanga kukwama. Kwa chombo kidogo kinachoendeshwa karibu na ufuko, tanga la foromali bado ni chaguo zuri na rahisi kutengeneza.

## Matumizi na matunzo

Mfumo wowote huhitaji mazoezi. Kupunguza tanga hujifunzwa siku ya upepo mdogo na hurudiwa usiku bila taa, mpaka kila mtu aijue kila kamba kwa kuigusa. Kamba za rangi tofauti husaidia mchana tu.

Henza hupangwa vizuri baada ya kutweka, ili isifanye fundo siku inapohitajika kufunguliwa haraka. Reli na vigari huoshwa kwa maji safi. Jua la tropiki hudhoofisha uzi wa mishono kabla ya kitambaa, hivyo mishono hukaguliwa kwanza. Tanga lililolegea hubadilishwa mapema, hasa kama hukunjwa ndani ya mlingoti.

Kanuni inayofundishwa na mabaharia wengi ni kupunguza tanga mara wazo la kulipunguza linapokuja kwa mara ya kwanza. Tanga lililopunguzwa mapema mno hupoteza muda kidogo, nalo huweza kufunguliwa tena. Upepo ukishazidi, hata mfumo bora huwa mgumu kuendesha.

## Tazama pia

- Jahazi
- Ngalawa
- Mtepe
- Kusi
- Ziwa Tanganyika
- Ufipa